Tongoni si magofu ya Wareno

Mhariri,

Miwani yangu imekatika mkono, kwa hiyo siku hizi gazeti lako hulisoma mjukuu wangu, nami nasikiliza huku nikishona nyavu. Juzi, kwenye makala ya fukwe za Tanga, akafika penye maneno "magofu ya Wareno pale Tongoni". Nikamwambia, rudia hapo. Akarudia. Yakawa yale yale.

Mimi ni mzaliwa wa huku, chini kidogo ya kilomita 20 kusini mwa mji wa Tanga, kwenye njia ya Pangani. Jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahame. Mji uliohamwa uliitwa Mtangata, na wenyewe waliujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, karne ya 14 na 15. Msikiti umebaki kuta, na mihrabu yake inatazama kaskazini, kibla. Wareno gani hao waliokuwa wakiswali? Nje yapo makaburi zaidi ya 40, mengine ya minara, ingawa minara mingi imeshaanguka. Utaona vishimo vya duara ambamo mafundi walipachika mabakuli ya kauri ya Uchina. Mabakuli yamebanduliwa zamani, kilichobaki ni alama zake kwenye chokaa. Kabla Mreno hajaijua njia ya huku, wazee wale walikuwa wakipamba makaburi kwa vyombo vya Uchina.

Mreno alifika, sikatai. Aprili 1498, Vasco da Gama akienda Mombasa, chombo chake kimoja, São Rafael, kilipanda fungu (mahali pa maji madogo), kikakwama mbele ya pwani yetu kabla ya alfajiri. Simcheki. Mafungu haya nayajua tangu utoto na bado nimeyapanda mara mbili, moja mchana kweupe. Ukishapanda, dawa ni kungoja maji yajae. Wakangoja, yakajaa, chombo kikaelea. Ikawajia mitumbwi miwili, mmoja una machungwa, na mwandishi wao akaandika kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. (Watu wa Muheza watalipenda hilo.)

Januari 1499 wakapita tena, kaskazi ikivuma, wakitoka India. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa, waliobaki hawatoshi kuendesha vyombo vitatu. Wakahamisha mizigo, São Rafael wakaichoma moto hapo hapo mafunguni. Watu wa Mtangata wakaenda kuwauzia kuku. Kisha wakatweka, wakaenda zao. Jina la chombo waliyapa yale mafungu, hata milima ya Usambara inayoonekana ukiwa baharini wakaiita hivyo hivyo. Wasambaa hawana habari.

Basi cha Mreno hapa ni majivu, nayo yako chini ya maji.

Mtasema mzee anagombea neno moja. Mwaka jana nilimkuta kijana amebeba jiwe kutoka kule makaburini, anakwenda kujengea choo. Nikamuuliza, mwanangu, unambomolea babu yako kaburi? Akanijibu bila haya: "Si ya Wareno haya, mzee?" Jiwe alilirudisha, lakini kwa sababu nilisimama nikimtazama. Nisingekuwapo, lingekuwa chooni sasa.

Marehemu bibi yangu alikuwa akienda pale na ubani kuomba dua, na hakuwahi kuniambia anawaombea Wareno.

Mwandishi wako akitaka kuja, aje siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, aone bahari ilivyosogea na mikoko ilivyopungua. Mimi nitampeleka kwa mtumbwi, asilipe kitu. Lakini kabla ya hapo naomba sahihisho, tena kwa herufi kubwa kama zile za makala, mjukuu anisomee mara moja bila kurudia.

Mvuvi mstaafu,
Tongoni, Tanga.