Anayeleta pingamizi la awali athibitishe kwamba mlango anaotuelekeza uko wazi

Mhariri,

Kwa miaka kumi na mmoja nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria katika Kaunti ya Kilifi, na ninayotaka kusema kupitia gazeti lako yanahusu hatua moja tu katika safari ya malalamiko ya haki za binadamu mahakamani, hatua ambayo wananchi wengi hawaijui mpaka iwafike. Ni pale ambapo mlalamishi amekwisha kuwasilisha ombi lake chini ya Katiba na kumkabidhi mlalamikiwa hati zote, lakini badala ya kujibiwa kuhusu aliyotendewa anaambiwa kwamba amekuja mahali pasipo pake, au amekuja mapema, au hakupitia kwanza kwa afisa fulani, kamati fulani au jopo fulani. Hilo ndilo pingamizi la awali, na ninaamini kwamba namna linavyotumiwa na baadhi ya idara za umma, na namna baadhi ya majaji wanavyolipokea, inawanyima watu haki ambazo Katiba ya 2010 ilikusudia wazifikie kwa urahisi.

Mwaka juzi nilimsindikiza mahakamani mama mmoja ambaye nyumba yake, pamoja na za majirani zake sita, ilibomolewa alfajiri na maafisa wa idara moja ya serikali, bila ilani yoyote ambayo wakazi hao waliiona. Ushahidi wake wote ulikuwa ndani ya bahasha ya kaki aliyoifunga kwa kipande cha leso: picha tatu za mabati yaliyokunjika, risiti kadhaa, na daftari la hesabu la mwanawe lililookotwa kwenye kifusi likiwa na alama ya gurudumu kwenye jalada. Wakili wa idara hiyo hakusema kwamba nyumba hazikubomolewa, wala hakusema kwamba ilani ilitolewa. Alisema kwamba sheria imeunda jopo la kusikiliza malalamiko ya aina hiyo, na kwamba mama huyu alipaswa kuanzia huko. Nasi tulikuwa tumeeleza katika kiapo chetu kwamba muda wa wanachama wa jopo hilo ulikuwa umekwisha na wengine hawajateuliwa. Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi zake mara mbili. Mara ya kwanza karani aliniambia nirudi baada ya mwezi, na mara ya pili nilikuta mlango umefungwa na karatasi ya tangazo imepauka kwa jua. Pingamizi hilo lilitajwa, likaahirishwa na kutajwa tena kwa miezi kumi na minne, kisha likakubaliwa na ombi letu likaondolewa mahakamani. Bahasha ile hakuna jaji aliyeifungua.

Sikatai kwamba pingamizi la awali lina kazi yake. Mahakama isiyo na mamlaka haipaswi kupoteza siku zake kwa jambo isiloweza kuliamua, na mtu anayeshtakiwa ana haki ya kuelewa anashtakiwa nini hasa; ndiyo maana tangu uamuzi wa Anarita Karimi Njeru wa mwaka 1979 mlalamishi hutakiwa kutaja kwa usahihi wa kutosha ni haki ipi iliyovunjwa na imevunjwa vipi. Hilo ni sharti la busara, na sisi wasaidizi wa kisheria tunajitahidi kulitimiza.

Lakini pingamizi lenyewe lina mipaka, na mipaka hiyo iliwekwa zamani, mwaka 1969, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Mukisa Biscuit, ambayo hakuna wakili wa Kenya, Uganda wala Tanzania asiyeijua. Mahakama ilisema kwamba pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, inayojadiliwa kwa kuchukulia kwamba mambo yote aliyoyaeleza mlalamishi ni kweli, na kwamba haliwezi kuletwa pale ambapo kuna jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Rais wa mahakama hiyo, Jaji Newbold, alilalamika kwamba mapingamizi yasiyo ya namna hiyo huongeza gharama na kuvuruga hoja za kesi. Sasa nauliza: iwapo jopo la rufaa lina wanachama au halina, iwapo linakaa au halikai, iwapo lina uwezo wa kuamuru mtu alipwe fidia au halina, je, hayo yote ni sheria tupu? Uwezo wa jopo unaweza kusomwa ndani ya sheria iliyoliunda, lakini kukaa kwake ni jambo la kushuhudiwa. Mahakama inayofuata uamuzi wa 1969 ingepaswa ama ichukulie kuwa kweli maelezo yetu kwamba jopo halikai, ama isikilize ushahidi, na katika hali zote mbili isingeweza kulitupa ombi la mama yule kwenye hatua ya awali.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya historia yetu. Mwaka 1989 Jaji Norbury Dugdale aliamua, katika kesi ya Maina Mbacha, kwamba kifungu cha 84 cha Katiba ya zamani, ambacho ndicho kilichompa mwananchi njia ya kwenda Mahakama Kuu kulalamikia kuvunjwa kwa haki zake, hakikuweza kutumika kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitekeleza. Haki zilikuwa zimeandikwa tangu uhuru. Kilichokosekana kilikuwa kanuni, na aliyekuwa na wajibu wa kuzitunga hakuwa mwananchi aliyeumia. Mwaka huohuo jaji huyohuyo aliitupa kesi ya Wangari Maathai ya kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, kwa sababu kwamba Maathai hakuwa na hadhi ya kushtaki na kwamba jambo la umma kama lile lilikuwa la Mwanasheria Mkuu. Katika kesi zote mbili, walalamishi walifungiwa mlangoni kabla ya shauri lenyewe kupimwa.

Waliotunga Katiba ya 2010 walizikumbuka kesi hizo. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba yake, kwa niaba ya mwingine asiyeweza, au kwa manufaa ya umma. Kinaagiza taratibu za kufungua kesi za haki ziwe chache iwezekanavyo, kesi hizo zisitozwe ada ya kufunguliwa, na mahakama isibanwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Kisha kinatamka waziwazi kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kushtaki, na yeyote anayejua yaliyotokea 1989 anafahamu maneno hayo yalimlenga nani. Kanuni zilizotungwa mwaka 2013, wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga, zinaruhusu hata barua ya kawaida, au maelezo ya mdomo yatakayoandikwa na mahakama yenyewe, kupokelewa kama ombi.

Mlango uliofunguliwa kwa namna hiyo unaanza kurudishwa kwa njia ya kanuni ya kumaliza kwanza njia nyingine zote. Sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza Kifungu cha 47, kile kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na wenye mamlaka ya kiutawala, inasema kwamba mahakama isifanye mapitio ya uamuzi mpaka njia za ndani za kukata rufaa ziwe zimemalizwa, isipokuwa kuwe na sababu za kipekee na mlalamishi mwenyewe aombe kusamehewa sharti hilo. Hapa ndipo penye tatizo. Mzigo wote amebebeshwa anayelalamika: ajue kwamba jopo lipo, ajue kwamba anaweza kuomba kusamehewa sharti hilo, na athibitishe kwamba jopo halimfai. Idara iliyobomoa inatosha itaje jina la jopo.

Majaji wetu wenyewe wameonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Mwaka 2020 majaji watano waliokaa Mombasa katika kesi ya Ramogi, iliyohusu kulazimishwa kwa mizigo ya bandari kusafirishwa kwa reli ya kisasa, walieleza kwamba kanuni hii ina mipaka, na kwamba ni lazima mahakama itazame iwapo chombo kinachotajwa kinaweza kweli kulimaliza jambo lililoletwa na kumpa mlalamishi nafasi ya kusikizwa. Mnamo Desemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Abidha, ilisema kwamba kuwepo kwa njia nyingine peke yake hakumzuii mtu kutafuta nafuu ya kikatiba, bali swali ni iwapo njia hiyo inatosha. Mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Kibos ya mwaka 2020, iliyoletwa na wakazi waliolalamikia uchafuzi wa mazingira karibu na Kisumu, ilikubali kwamba baadhi ya mambo yalipaswa kuanzia kwenye vyombo vingine, lakini ikaona kwamba masuala ya kikatiba yangewekwa akiba mpaka hayo mengine yaamuliwe.

Uamuzi huo wa mwisho naupenda hasa kwa sababu ya tofauti iliyopo kati ya kuweka kesi akiba na kuitupa. Kesi ikiwekwa akiba, tarehe ya kufunguliwa kwake inabaki, hati zinabaki, na mlalamishi akirudi hataambiwa kwamba amechelewa. Kuchelewa si jambo dogo: Watu wa Mlima Elgon waliolalamikia mateso ya miaka ya 2006 hadi 2008 walipelekewa shauri lao mpaka Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha, na mwaka 2012 kitengo chake cha rufaa kikaamua kwamba muda wa miezi miwili uliowekwa na Mkataba wa Jumuiya ulikuwa umepita.

Ninawaomba Jaji Mkuu na kamati inayohusika na kanuni za mahakama waongeze mambo mawili katika kanuni za 2013. La kwanza, anayedai kwamba kuna chombo kingine cha kupitia aape kwa kiapo kwamba chombo hicho kina wanachama, kinakaa, na kinaweza kutoa nafuu inayoombwa. Akishindwa, pingamizi lisisikilizwe peke yake bali liamuliwe pamoja na kesi yenyewe katika hukumu moja. La pili, pingamizi likikubaliwa katika kesi ya haki za binadamu, ombi lisiondolewe bali lisimamishwe, na jaji apange tarehe ya kulirejea. Sheria ya 2015 inataka ombi la mapitio liamuliwe ndani ya siku 90 tangu kufunguliwa, na sioni ni kwa namna gani miezi kumi na minne ya kubishania mlango inaingia ndani ya siku hizo.

Mama niliyemtaja sasa anakaa kwa dada yake, na tumeandika upya ombi lake kurasa nne, tukiambatisha safari hii picha ya mlango ule uliofungwa pamoja na tarehe niliyoipiga.

Msaidizi wa kisheria,
Kilifi.