Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi: hindi la madoadoa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi, shikamooni, na wanafunzi wenzangu mambo vipi. Mimi ni katibu wa klabu ya sayansi, nimepewa dakika chache nisome risala hii na mlezi wetu kanionya nisiiburuze.

Mgeni rasmi, hapo mezani kwako kuna hindi la madoadoa. Usishtuke, halijaoza, ingawa hata kwetu kuna mwenzetu alitaka kulitupa akidhani ni fangasi. Ukilisogeza karibu utaona punje nyeupe zenye vidoa vya zambarau, punje moja ina doa kubwa karibu robo yake na jirani yake ina vitone vidogo kama vumbi. Tulichukua wembe tukakwangua taratibu, ngozi ya juu kumbe haina rangi, zambarau iko chini yake kwenye tabaka lenye unene wa seli moja tu, ukipita hapo ni wanga mweupe mpaka ndani.

Sasa hapo ndo tukaanza kubishana, yani punje ni moja, DNA, ile maandishi ya urithi ndani ya seli, ni ileile, iweje huku pawe na rangi na huku pasiwe nayo?

Jibu alilipata mwanasayansi Barbara McClintock wa Marekani miaka ya 1940, tena kwa kuangalia mahindi kama haya haya. Rangi ya zambarau inaitwa anthosayanini, na jeni za kuitengeneza, yani vipande vya DNA vyenye maelekezo yake, ni nyingi ila haziamki zenyewe, zinaamshwa na jeni nyingine ambazo kazi yake ni kuwasha na kuzima, sisi kwenye klabu tunaziita swichi. Kwenye punje ya mahindi kuna swichi mbili, C1 na R, na zote mbili lazima ziwepo, moja ikikosekana hakuna rangi. McClintock akaona kuna vipande vya DNA vinavyohama, kimoja kikiruka kikatua katikati ya swichi basi imezimwa, punje inatoka nyeupe, halafu wakati punje inakua kipande kikitoka kwenye seli fulani swichi inarudi na seli hiyo na watoto wake wote wanapata rangi. Kwa hiyo doa kubwa manake kipande kilitoka mapema, vitone vidogo kilichelewa. Ni saa kabisa hiyo! Wengi hawakumwelewa, akaja kupewa Nobel mwaka 1983 akiwa na miaka 81, peke yake.

Mgeni rasmi, tulipoanza kufuatilia mazao mengine tukakuta mchezo ni uleule. Zabibu nyeupe zilitokana na zabibu nyeusi, kipande kinachohama kilitua mbele ya swichi ya rangi ya ganda, na kuna aina moja nyeupe inaitwa Italia ambayo sehemu kubwa ya kile kipande ilikuja kuchomoka na rangi nyekundu ikarudi. Machungwa yenye nyama nyekundu ni kinyume chake, kipande kimetua karibu na swichi inayoitwa Ruby kikawa kinaiwasha, tena mpaka baridi ipige. Mchele nao, mpunga wa mwitu punje yake ni nyekundu, ila swichi inayoitwa Rc ilipoteza herufi 14 tu za DNA, watu wakaupenda mweupe wakaupanda na kuupanda tena mpaka ukatawala.

Ila mimi binafsi kilichonimaliza ni soya. Soya ya mwitu mbegu zake nyeusi, ya shambani njano, na wala jeni za rangi hazijafa, mmea wenyewe unazinyamazisha kwenye ganda la mbegu. Virusi fulani vikiingia vinaharibu ule unyamazishaji, basi mbegu zinatoka na mabaka meusi, rangi ya babu zake imerudi.

Ndo maana tunaona mabadiliko mengi ya rangi yako kwenye swichi kuliko kwenye jeni zinazotengeneza rangi yenyewe, maana swichi ya ganda ukiizima majani yanaendelea na maisha yake, mmea hauumii, na mkulima anachagua kwa macho tu bila kujua kachagua nini.

Changamoto tunazo, nazitaja haraka. Darubini yetu ni moja na kioo chake kimepasuka, hivyo tunaomba ukiweza utusaidie lenzi za mkono hata kumi, zinatosha kwa kuanzia. La pili ni kijieneo cha kupanda, tena kiwe mbali na mahindi mengine kwa sababu chavua inasafiri na upepo na ikichanganyika hesabu zetu zote zinavurugika, msimu uliopita tumeshaumia.

Hindi hilo ni zawadi yako mgeni rasmi, ila tunaomba utubakizie safu moja ya punje, tunataka kupanda zenye doa kubwa na zenye vitone kila moja na mstari wake tuone watoto wake watatokaje.

Naomba kuwasilisha.