Gemu ya kudaunlodi haiwezi kuingia kwenye belo la mitumba

Mhariri, mwangaluka. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mwanza na kurasa zenu za michezo nazimaliza zote, Simba na Yanga mpaka ndondo, ila sijawahi kuona mnaongelea gemu, hizi za kucheza kwenye tivi. Naomba leo mnipe nafasi hata kama ni pembeni huko, maana kuna kitu naona kinapotea na hakuna anayekisemea.

Kitu chenyewe ni hiki. Gemu bora kabisa nilizowahi kucheza, hakuna hata moja niliyoenda dukani nikaichagua. Zote zilinikuta tu. Nyingine zimeokotwa, nyingine tumepewa kama nyongeza baada ya kununua kitu kingine, nyingine ilikuwa buku tu na haikuwa hata ile tuliyodhani tunanunua. Na hiyo njia zilizopitia mpaka zikanifikia mimi mtoto wa Kirumba, naona inazibwa sasa hivi na sisi tupo tunaangalia.

Wa umri wangu wote wanaikumbuka kaseti ya njano. Mashine zilikuwa za kuigiza ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, zinauzwa kule Makoroboi zimepangwa pamoja na tochi na redio ndogo, na kaseti imeandikwa kwa herufi kubwa ina gemu 9999, ukiwasha unakuta ni gemu chache zinajirudia rudia, wamebadilisha rangi na sehemu ya kuanzia tu. Lakini jamani hizo chache! Humo ndani ulikuwa unakuta Mario, unakuta ile ya vifaru ya mwaka 1985 ambayo mnalinda ndege wenu asilipuliwe na mnaweza kujenga uwanja wenu wenyewe kwa matofali, na ukibahatika unakuta Contra, ile ya askari wenye bunduki. Contra ukianza unapewa roho tatu na zinaisha hujafika popote, ila mtaani kwetu kila mtoto alijua ukibonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia halafu B na A unapata roho thelathini. Ukubwani ndo nikaja kujua alianzisha hiyo njia jamaa mmoja wa Konami, kampuni iliyotengeneza Contra, anaitwa Kazuhisa Hashimoto, aliiweka kwenye gemu nyingine ya chombo cha angani ya mwaka 1986 kwa sababu alikuwa anaijaribu na inamshinda kwa ugumu. Alifariki mwaka 2020. Nilipoisoma ile habari niliguswa sana, maana siri ya mtu wa Japani ilitufikia Kirumba kwa midomo ya watoto, hakuna aliyekuwa na kitabu wala intaneti.

Sasa niseme na hili, mimi ni mwanamke. Kipindi cha pleisteshen vibanda vya gemu vilikuwa vya wavulana, unalipa mia mbili mechi moja ya mpira, na Adriano wa Inter akipiga mguu wa kushoto kibanda kizima kinapiga kelele. Msichana ukisimama mlangoni unaulizwa umemfuata nani. Kwahiyo mimi gemu zangu zilikuwa za nyumbani, na za nyumbani maana yake zile ambazo zimejileta, kwa sababu hakuna mzazi wa kipindi kile angetoa hela ya ada akanunua sidii.

Mama yangu alikuwa anauza mitumba Mlango Mmoja, mabegi hasa. Belo likifunguliwa kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko yote ya mabegi kabla hayajapangwa, unakuta kalamu, tiketi za basi za huko Ulaya, sarafu, picha za watoto wa watu. Kuna siku kwenye begi la shule nikakuta sidii ya PlayStation 2 kwenye kasha lake kabisa, juu ina mbwa mweupe mwenye michoro myekundu usoni. Jina Okami. Kaka yangu alikuwa na PS2 kuukuu iliyowekwa chipu ili isome sidii yoyote, tukaiweka, ikakubali.

Mhariri sijui nikuelezeje ile gemu. Dunia nzima imechorwa kwa wino kama mchoro wa zamani wa Kijapani, na wewe ni mbwa mwitu ambaye ndiye jua lenyewe, dunia imekufa giza limetanda na unairudishia uhai kwa brashi. Unasimamisha kila kitu, unachora. Ukichora duara angani jua linatoka. Ukizungushia mti uliokauka unachanua hapohapo na maua yanasambaa mpaka mlimani. Adui unamkata kwa mstari mmoja. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na ni mengi kweli kweli, nilikuwa nakaa na kamusi ya shule pembeni, na mama akirudi jioni akimaliza kuhesabu hela anakuja kukaa nyuma yetu anauliza, "Mwanangu, huyo mbwa leo kapandisha jua wapi?" Hakuwahi kushika pedi ya kuchezea hata mara moja, lakini akiona mti mkavu kwenye skrini anasema ule pale umeuacha, urudie. Ilibidi nirudi.

Baadae nikaja kusoma kwamba ile gemu ilipotoka mwaka 2006 haikuuza, ilisifiwa sana na waandishi lakini watu hawakununua, na studio iliyoitengeneza, Clover, ikafungwa mwaka uliofuata. Mwenye begi huko Ulaya sijui aliicheza au aliiacha tu, ila ilisafiri ndani ya belo mpaka kwa watu ambao walikaa nayo mwaka mzima. Ni gemu kama hizi ambazo zimeokolewa na watu wa namna yetu, waliozikuta kwa bei ya chini zikiwa zimeshasahaulika, wakazisemea kwa wenzao, mpaka Okami ikarudishwa kwenye mashine mpya na Desemba 2024 wakatangaza kwamba muendelezo unatengenezwa chini ya mwongozaji yuleyule, Hideki Kamiya. Siku ile nilimpigia mama simu.

Nyingine ilitoka kwa mjomba. Yeye ni fundi magari Nyakato, na haya magari yanatoka Japani yametumika, kwahiyo vitu vya wenyewe vinabaki ndani. Kwenye Noah moja aliyokuwa anaing'oa kapeti akakuta sidii ina maandishi ya Kijapani matupu, mwenye gari akasema hana kazi nayo, mjomba akaniletea. Ilikuwa Katamari Damacy, ya mwaka 2004. Humo unasukuma mpira unaonata, unaanza na vitu vidogo, pini, njugu, penseli, mpira unakua, unanasa paka, baiskeli, watu, ng'ombe, magari, mwisho unang'oa majengo. Hatukusoma hata neno moja na hatukukwama popote, kwa sababu aliyeibuni, Keita Takahashi, alisomea uchongaji wa sanamu na aliitengeneza ieleweke kwa mikono tu. Watoto wa jirani walikuwa wanajaa sebuleni, hata wa miaka minne anacheza. Nilisoma pia kwamba gemu hiyo ya kwanza haikuwahi kuuzwa rasmi Ulaya kipindi hicho. Lakini Nyakato ilifika, chini ya kapeti la gari.

Na ya tatu ndio naipenda kuliko zote. Kaka alinunua kwa buku sidii ya kuchoma (tusifichane, kipindi kile sidii orijino hapa mjini hazikuwepo na kama zilikuwepo sisi hatukuwa watu wa kuzinunua), imeandikwa kwa maka peni God of War, tukaweka tukijua ni vita. Ikafunguka taratibu kijana yupo juu ya farasi kabeba msichana aliyekufa. Tukasubiri maadui. Hawakuja. Nchi kubwa ina upepo na nyasi na hakuna mtu, unanyanyua upanga juani mwanga unakuonyesha uelekee wapi, unaenda na farasi mpaka unakutana na jitu. Lilikuwa na mawe mwilini na majani yameota juu yake, yaani chukua mawe ya Capri Point uyaone yamesimama yanatembea. Unalipanda mguuni umeng'ang'ania manyoya, kidole kimekazwa kwenye kitufe cha R1, ukiachia tu umeanguka. Tulipoliua lile la kwanza tulikuwa tumejiandaa kushangilia, ukaja muziki wa huzuni, jitu linadondoka polepole, na sebuleni hakuna aliyeongea. Kaka akauliza, "Sasa hili lilitukosea nini?"

Jina lake Shadow of the Colossus, ya mwaka 2005, mbunifu ni Fumito Ueda. Majitu ni kumi na sita, na hakuna adui mwingine yeyote. Kama muuzaji angeandika jina sahihi kaka asingeinunua, alikuwa anataka vita. Mpaka leo kuna maamuzi yangu ya kikubwa nikiyafikiria najikuta nalikumbuka swali lake lile.

Zipo na nyingine ndogo ndogo, zile za simu tulizorushiana kwa bluetooth, zile za matofali zinazodondoka za betri mbili, siziongelei zote.

Sasa hoja yangu Mhariri. Gemu za sasa hivi nyingi hazina mwili. Unanunua kwenye akaunti, unadaunlodi gigabaiti kibao, bando linaisha, na ikishakuwa kwenye akaunti yako haiwezi kutoka kwenda kwa mtu mwingine. Tangu Novemba 2020 kuna PlayStation 5 ambayo haina hata sehemu ya kuingizia sidii. Siwapingi wenye uwezo, wafurahie. Lakini gemu ya kudaunlodi haiwezi kusahaulika kwenye mfuko wa begi, haiwezi kubaki chini ya kapeti la Noah, mtoto wa Mlango Mmoja hawezi kuikuta. Na za zamani nazo usidhani utazipata ukizitaka: mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini kwao kabla ya 2010 haziuzwi tena popote kwa njia rasmi. Kwahiyo sidii iliyopo kwenye droo yako hapo Igoma inaweza ikawa ndio njia pekee ya mtu fulani kuiona hiyo gemu.

Nimelazimika kuandika barua hii kwa sababu mwezi huu nilipita Misungwi kwenye mashamba ya mpunga nikakuta sidii zimefungwa kwenye kamba zinafukuza ndege, nikasogea kuangalia, kadhaa zilikuwa za PS2, orijino kabisa. Mwenye shamba hana kosa, alipewa kama takataka. Ila ndege wanaogopa hata sidii tupu, hata mkanda wa kaseti ya redio.

Naomba hivi. Mwenye mashine ya zamani ndani asiipeleke kwa watu wa chuma chakavu kabla hajauliza watoto wa mtaa. Mafundi wa gereji na akina mama wa mabelo, msizitupe, wekeni boksi moja pembeni muuze hata jero. Wenye vibanda vya gemu, mna tivi tano zote mpira, iacheni moja kwa gemu za zamani, na muwaruhusu wasichana wakae. Na wanaoenda kutafuta Mlango Mmoja wajue, sidii ya PS2 yenye tumbo la bluu ni CD na ya fedha ni DVD, zote zinaingia mashine ileile, za PS ya kwanza ndio zenye tumbo jeusi. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Na mashine ikiwa ya Japani angalia umeme wake kwanza, kwao ni volti 100 na hapa 230, ukichomeka bila transfoma umeiua.

Na wewe Mhariri, ukiona inafaa, watengee wasomaji kasehemu ka kusimulia gemu walizokutana nazo kwa bahati. Najua wa Musoma wanazo zao, wa Bukoba wanazo, hata Ukerewe kule lazima zilivuka na meli.

La mwisho. Natafuta Ico, ya mwaka 2001, ya mbunifu yuleyule wa majitu, kijana mwenye pembe anamshika msichana mkono wanatoroka ngome. Sijawahi kuiona kwa macho, orijino au ya kuchoma nachukua. Mwenye nayo aandike kwenye gazeti hilihili nitaona, Tekken 3 ninazo mbili, moja nampa.

Msomaji wenu,
Kitangiri, Mwanza