Barua kutoka Chennai: konzi ya mchele ya Kamaraj

Chennai, Tamil Nadu

Baba Mdogo,

Shikamoo. Salamu kwako, kwa Mama Mdogo na kwa wote hapo Pangani.

Uliniuliza kwenye simu yule mzee mweusi mwenye shati jeupe na shuka, ambaye sanamu yake inaonekana kwenye picha za huku, ni nani, na kama kweli ndiye aliyeleta chakula cha mchana mashuleni. Kwa kuwa sasa wewe ni mwenyekiti wa kamati ya shule na michango ya mahindi imekwama, nakuandikia kwa kirefu.

Anaitwa K. Kamaraj. Alizaliwa tarehe 15 Julai 1903 huko Virudhunagar, mji wa wafanyabiashara kusini mwa Tamil Nadu. Watu wake ni Wanadar, ambao kazi yao ya jadi ilikuwa kukwea mivumo na kugema. Mgema hata kwetu hatajwi kwa heshima sana, lakini huku mambo yalikuwa mazito zaidi kwa sababu ya matabaka ya kuzaliwa. Wanadar walizuiwa kuingia kwenye mahekalu. Kesi ya hekalu la Kamudi waliipeleka kwa rufaa hadi London, na mwaka 1908 wakashindwa.

Walipoona milango imefungwa, wakajijengea yao. Wafanyabiashara wa Virudhunagar walikuwa na mfuko uitwao mahamai, ambao kila mwenye duka au mzigo alikatwa kidogo kulingana na biashara yake. Majumbani kulikuwa na pidi arisi, yaani konzi ya mchele. Mama akipima mchele wa kupika, anachota konzi moja na kuitia kwenye chombo cha pembeni, kisha mkusanyaji anapita nyumba kwa nyumba. Kwa njia hiyo waliendesha shule ya Kshatriya Vidhya Sala, iliyofunguliwa mwaka 1889. Kamaraj alisoma hapo, ila hakumaliza. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, naye akaacha masomo kabla ya kubalehe, akawekwa dukani kwa mjomba wake kuuza nguo.

Siasa alianza akiwa kijana wa miaka kumi na kitu, katika chama cha Congress, kilichopigania uhuru wa India. Mwaka 1930 alifungwa kwa kushiriki maandamano ya Vedaranyam, ya kupinga sheria ya Waingereza kuhusu chumvi, na ukijumlisha vifungo vyake vyote alikaa ndani karibu miaka tisa. Kuna jambo moja la wakati huo ambalo ningependa madiwani wetu walisikie. Akiwa gerezani, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji wa Virudhunagar. Alipotoka mwaka 1941 alikwenda kwenye kikao akajiuzulu papo hapo, kwa hoja kwamba mtu asishike cheo ambacho hawezi kukitumikia ipasavyo. Uongozi wa chama jimboni hakuuachia. Aliushika kuanzia 1940 kwa zaidi ya miaka kumi, na hapo ndipo alipopata nguvu zake: alikuwa anawajua makatibu wa chama wilaya kwa wilaya.

Aprili 1954 akawa Waziri Kiongozi wa jimbo la Madras, kama Tamil Nadu ilivyoitwa wakati huo, cheo kama kile kilichokuwapo Zanzibar. Aliyemtangulia, Rajaji, aliangushwa na mpango wa elimu wa mwaka 1953, ambao mtoto wa shule ya msingi angesoma nusu siku, na nusu nyingine ajifunze kazi ya baba yake. Fikiria maana yake kwa mtoto wa mgema au wa mfua nguo: anarudishwa kulekule alikotoka babu yake. Kamaraj aliufuta. Baraza lake la kwanza lilikuwa na mawaziri wanane tu, na humo alimweka C. Subramaniam, aliyegombea naye uongozi, pamoja na M. Bhaktavatsalam, aliyempendekeza mpinzani huyo. Kuna wanaouita wema. Mimi nauona ujanja wa mtu anayetaka wagomvi wake wawe mezani badala ya kuwa mlangoni.

Sasa chakula. Si kweli kwamba yeye ndiye wa kwanza. Halmashauri ya jiji la Madras, ndiyo Chennai ya leo, ililisha watoto wa shule moja ya mtaa wa Thousand Lights tangu 1920, kwa gharama isiyozidi ana moja (sehemu ya kumi na sita ya rupia) kwa mtoto. Alichofanya Kamaraj, kuanzia mwaka 1956, ni kukitoa mjini na kukipeleka vijijini, pamoja na mkurugenzi wake wa elimu, N. D. Sundaravadivelu. Walianza na michango ya wananchi: mchele, kuni, mboga, sufuria. Ni konzi ileile ya Virudhunagar, imepanuliwa. Lakini walikutana na tatizo lako, Baba Mdogo. Kijiji chenye maji kilichangia na kijiji kikavu kikashindwa, wakati penye njaa ndipo watoto walipohitaji zaidi. Basi serikali ikaingia na ruzuku yake, wenyeji wakabaki na sehemu yao.

Waziri Kiongozi M. G. Ramachandran aliupanua sana mpango huo tarehe 1 Julai 1982. Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru chakula kilichopikwa kitolewe katika shule zote za msingi za serikali nchini, si chini ya siku 200 kwa mwaka.

Viwango vya India, uvipeleke kwenye kamati: mtoto wa darasa la kwanza hadi la tano hupata gramu 100 za nafaka, gramu 20 za jamii ya kunde, gramu 50 za mboga na gramu 5 za mafuta. Wa darasa la sita hadi la nane ni 150, 30, 75 na 7.5. Wapishi ni wawili kwa watoto 26 hadi 100, kisha mmoja zaidi kwa kila mia inayoongezeka.

Tufanye hesabu. Konzi ya mama mtu mzima tuseme ni gramu 50. Pimeni wenyewe kwenye mizani ya dukani. Nyumba 200 zikitoa konzi moja kwa siku, ni kilo 10, yaani nafaka ya watoto wadogo 100. Bado utatafuta kilo 2 za kunde, kilo 5 za mchicha au matembele, na nusu kilo ya mafuta. Nadhani hapo ndipo michango yenu inapokwama: mnamdai mzazi debe zima kwa mkupuo, tena kabla ya mavuno. Konzi haiumi.

Yanayoharibika nayo yajue. Tarehe 16 Julai 2004 huko Kumbakonam, hukuhuku Tamil Nadu, moto ulianzia kwenye jiko la chakula cha shule, ukashika paa la makuti, na watoto 94 wakafa. Baada ya hapo jimbo likapiga marufuku mapaa ya makuti mashuleni. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Saran jimboni Bihar, watoto 23 walikufa kwa sababu mafuta ya kupikia yaliingiliwa na monokrotofosi, dawa ya kuulia wadudu shambani. Ndiyo maana mwongozo wa India unataka watu wazima wawili au watatu, mmoja wao mwalimu, waonje kabla ya mtoto kupewa. Kwa hiyo jiko liwe mbali na darasa, lisiwe chini ya makuti, na chombo kilichowahi kuwekwa dawa kisirudi jikoni hata kikioshwa mara ngapi. Maafa yote mawili yametokea siku moja baada ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Kamaraj, siku ambayo Tamil Nadu huiadhimisha kama siku ya elimu.

Ya Delhi, kwenye serikali kuu, nitayapitisha haraka. Oktoba 1963 aliacha uwaziri kiongozi kwa mpango wake mwenyewe: viongozi wakubwa waache vyeo serikalini warudi kukijenga chama. Mawaziri viongozi sita na mawaziri sita wa serikali kuu walijiuzulu. Akawa rais wa Congress, na waziri mkuu Nehru alipofariki mwaka 1964 aliongoza makubaliano yaliyompa Shastri uwaziri mkuu. Shastri naye alipofariki Januari 1966, Kamaraj alimuunga mkono Indira Gandhi, aliyemshinda Morarji Desai kwa kura 355 dhidi ya 169. Mwaka 1969 chama kikapasuka, na Indira akawa upande wa pili.

Nyumbani alikwisha kushindwa tangu 1967. Mchele ulikuwa haba na bei imepaa, na vijana walikuwa na hasira ya kulazimishiwa lugha ya Kihindi (Hindi), ambayo si yao. Chama pinzani cha DMK kikaahidi padi tatu za mchele kwa rupia moja. Padi ni kipimo cha ujazo, kama kibaba chetu. Kamaraj alianguka hukohuko Virudhunagar, mbele ya kijana aliyetokea kwenye harakati za wanafunzi. Walioshinda waliishia kutoa padi moja, tena Chennai na Coimbatore peke yake.

Alifariki tarehe 2 Oktoba 1975, hakuwahi kuoa. Inasemekana aliacha rupia 130, mashati machache na jozi mbili za ndala. Watu wa huku bado wanakumbuka neno lake kwa kila mwenye shida, paarkkalaam, "tutaona". Kinywani mwa wengine lingekuwa neno la kumfukuza mtu.

Nitumie idadi ya nyumba za kitongoji na ya watoto wa darasa la kwanza hadi la nne, nikupangie hesabu ya wiki. Na umwambie fundi asiezeke hilo jiko mpaka mzungumze tena kuhusu mabati.

Mwanao