Kabla ya kujenga mtaro mpya, tuajiri wa kuutunza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lawama wanazotupiwa wafanyakazi wa jiji la Mbale, mashariki mwa Uganda, kila mvua inaponyesha na maji kuingia madukani. Lawama hizo humwangukia mhandisi, msimamizi wa barabara na hata kibarua mwenye koleo mkononi, ilhali kiini cha tatizo kimo katika namna tunavyopanga fedha na ajira za mji wetu: tunakopa ili tujenge, kisha hatuajiri mtu wa kutunza tulichokijenga.

Nimestaafu baada ya kusimamia barabara na mitaro katika manispaa moja ya mashariki, na kazi ninayoieleza naijua. Watu wengi hudhani mtaro huzibwa na kavera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa tu. Taka ni sehemu ya tatizo, na wanaozimwaga mtaroni usiku wanastahili kutozwa faini, lakini hapa Mbale mzigo mkubwa ni mchanga na udongo unaoteremshwa na mvua kutoka miteremko ya mlima wa Wanale. Maji yanapofika kwenye kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, hupungua mwendo na mchanga hutua. Mashine ya kuutoa hatukuwa nayo. Kibarua huingia ndani ya kalavati akiwa amejikunja, huchota mchanga kwa beseni, na mwenzake aliye nje hulivuta beseni hilo kwa kamba. Mchanga hurundikwa kando ya mtaro kusubiri lori. Lori lisipofika siku hiyo kwa sababu hakuna dizeli, mvua ya alasiri huurudisha wote ulikotoka, na kesho yake watu walewale huanza upya. Mwenye duka anayewatazama huona uvivu. Mimi niliona watu waliolipwa ujira mdogo, tena kwa kuchelewa, wakiifanya kazi ileile kwa mara ya pili bila mabuti wala glavu.

Jambo hili si dogo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha katika eneo hili. Sisemi kwamba mtaro safi ungeuzuia mto kufurika. Waliojenga kandokando ya mito na katika ardhi oevu ya Namatala nao wana sehemu yao, na waliowapa vibali wana sehemu kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba mji wenye mitaro iliyoziba hauna mahali pa kupeleka hata mvua ya kawaida.

Wasomaji watauliza kwa nini kazi haifanywi mapema. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1, na fedha hutolewa kila robo mwaka. Mvua za kwanza huanza Machi, kwa hiyo mitaro yapaswa kuzibuliwa Januari na Februari. Lakini fedha za robo ya tatu hazitoki siku ya kwanza ya Januari, na zikishatoka hupita katika taratibu za manunuzi, ambazo nazo ni halali na zina sababu zake, hivyo koleo na dizeli hupatikana maji yakiwa tayari barabarani. Fedha zisizotumika hadi Juni 30 hurudi Hazina. Ndiyo maana wakazi huona kazi ikifanywa mbiombio mwezi Juni. Sheria ya mwaka 2008 iliyoanzisha Mfuko wa Barabara ilitupa matumaini kwamba tozo ya mafuta ingekwenda moja kwa moja kwenye matengenezo, lakini fedha ziliendelea kugawiwa na Hazina, na mwaka 2024 mfuko wenyewe ukarudishwa ndani ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Kwa upande wa ujenzi mambo yamekuwa tofauti. Mpango wa serikali wa kuendeleza miundombinu ya miji, USMID, ulioanza mwaka 2013 kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika manispaa 14, Mbale ikiwamo, umetuletea lami, taa na mitaro ya zege, nami naushukuru. Hata hivyo, mtaro wa zege wenye vifuniko vizito huhitaji watu wengi kuufungua kuliko ule wa udongo tulioupalilia zamani, na watu hao hawakuajiriwa.

Mbale ilipofanywa jiji Julai 1, 2020, pamoja na Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Masaka na Fort Portal, vyeo viliongezeka kwenye karatasi huku fungu la mishahara likibaki finyu. Watu wakawekwa kukaimu. Anayekaimu hufanya kazi ya bosi kwa woga wa mtu anayejua kwamba kesho anaweza kuondolewa, na ni vigumu kwake kumkatalia mkandarasi au diwani. Malalamiko kwamba nafasi katika tume za utumishi huuzwa yamesikika nchini kwa miaka mingi, na kila kijana fundi sanifu anayeyasikia huamua kutafuta kazi kwingine. Nawasihi vijana hao wasikate tamaa. Kazi hii ina heshima yake, ingawa nusu ya siku huishia kwenye makaratasi na kusikiliza watu wenye hasira ya haki.

Ombi langu ni kwa madiwani wetu watakaopitisha bajeti ijayo. Wasikubali mtaro wowote mpya kabla ya kuonyeshwa fungu la kuutunza kila mwaka, pamoja na idadi ya wafanyakazi wa kudumu watakaopewa kazi hiyo, vifaa vyao na dizeli ya lori lao. Nafasi hizo zitangazwe hadharani, na majina ya waliozipata yabandikwe kwenye ubao wa kila kata.

Msimamizi wa barabara mstaafu,
Namakwekwe, Mbale