Somo la lishe lihamie kwenye sufuria

Mhariri,

Kila Mei na Novemba, wiki za Malezi Bora, kampeni ya kitaifa ya afya ya mama na mtoto, zinapofika, akina mama wa Nyalenda, Manyatta na Obunga hapa Kisumu hujitokeza na watoto wao. Walio kati ya miezi 6 na 59 hupewa vitamini A, waliotimiza mwaka hupewa dawa ya minyoo. Kazi hiyo ni nzuri na isiguswe. Kinachotusikitisha ni somo la lishe linalofuata: bango lenye picha za vyakula hutundikwa, majina ya makundi hukaririwa, kisha mama hurudi nyumbani kupika uji uleule wa jana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, ikishuka kutoka 26 mwaka 2014. Tumesogea, lakini bango halitatufikisha kwingine. Tunaomba somo hili lifundishwe kwa kupika, na lianze na unga wa uji.

Siku hizi mama huenda kwenye kinu cha kusaga na mfuko mmoja wenye mahindi, wimbi, mtama, mchele, soya, njugu na hata omena (dagaa wa Ziwa Victoria), akiamini kuwa vikiwa vingi ndivyo mtoto atakavyopata nguvu. Nia ni njema kabisa, ila unga huo humponza. Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini. Lazima ichemshwe vizuri na kukaushwa kabla ya kusagwa, maana dakika chache za uji si za kutegemea. Mafuta ya njugu na omena yakishasagwa huchacha upesi, unga ukaanza kunuka, mtoto akafunga mdomo, kisha akaambiwa anadeka. Mtoto hadeki. Ulimi wake umemwambia ukweli. Tena njugu moja yenye kuvu ikishapita kinuni haionekani tena, na sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Kwa hiyo nafaka moja au mbili zinatosha: wimbi, au wimbi na mahindi. Vingine viingie sufuriani au sahanini, kila kimoja kikiwa kimechambuliwa kwa macho.

Kosa la pili ni uji mwepesi. Mtoto wa kilo 8 ana tumbo la kubeba kama mililita 240, yaani kikombe kimoja tu. Likijaa maji, hakuna nafasi ya chakula. Kipimo kinachofaa ni nusu kikombe cha unga kwa vikombe viwili vya maji. Koroga unga kwanza kwa maji baridi usipate madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, pika huku ukikoroga hadi ladha ya unga mbichi iishe. Kisha inua kijiko na ukilaze kidogo: uji ubaki juu yake, usitiririke kama chai. Ukiepua, tia maziwa, au kijiko kikubwa cha njugu zilizokaangwa na kupondwa laini kabisa. Mtoto akishindwa na uzito wake, msiongeze maji. Chukueni unga wa kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa na kukaushwa, kile kile ambacho wazee wanakijua vizuri kwa pombe ya busaa, mtie kijiko kidogo uji ukiwa umepoa kiasi. Baada ya dakika chache utalegea wenyewe bila kupoteza unga hata chembe. Urudisheni motoni uchemke kidogo.

Mtoto wa miezi 6 aanze na vijiko vikubwa viwili au vitatu, afike nusu kikombe akikaribia miezi 9, mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 ni mara tatu hadi nne, na baada ya mwaka robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kunyonya kuendelee.

Omena ni hazina ya ziwa letu na wengi huziharibu kwa haraka. Zimwagieni maji moto, mzisugue polepole kwa vidole, mmwage, mrudie hadi chini ya beseni kusibaki mchanga. Zikausheni kwa sufuria isiyo na mafuta mpaka zivunjike zikifinywa, ndipo mtwange na kuchekecha. Twangeni za siku mbili tatu, si za mwezi. Kijiko kimoja juu ya ugali laini na mboga kinamtosha mtoto mdogo.

Kuhusu mboga za mrenda, managu, saga na kunde: osheni kabla ya kukata, na mpunguze magadi, kwa sababu magadi na kuchemsha sana huua vitamini C. Mafuta kidogo yasikosekane, kwani vitamini A ya mboga na ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa haifyonzwi vizuri bila mafuta. Chai isubiri saa moja baada ya kula, maana huzuia madini ya chuma.

Watoto wakubwa nao wafundishwe kwa macho. Waite mezani, weka glasi tupu, uhesabu vijiko vinane vya chai vya sukari ukivitia kimoja kimoja: hicho ndicho kiasi kilichomo kwenye soda ya mililita 300. Hakuna hotuba inayoshinda glasi hiyo. Chakula kipya wapewe kidogo kidogo hata mara kumi kabla ya kusema hawakipendi, bila fimbo na bila kuahidiwa peremende. Wapeni kazi pia, kuchuma mboga au kuchambua omena. Mtoto huonja alichokigusa.

Kaunti ikiwapa wahudumu wa afya ya jamii jiko la makaa, sufuria, kikombe cha kupimia na unga wa siku moja, kila mtaa unaweza kuwa na somo la kupika kila mwezi. Walezi wasizidi 12, kila mmoja ashike mwiko. Nyanya na yaya waitwe, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaomlisha mtoto mama akiwa Kibuye sokoni. Mwezi unaofuata mhudumu apite nyumbani saa ya kupika, ainue kijiko kwenye sufuria, aone kama uji unakaa.

Wahudumu wa lishe ya jamii,
Kisumu