Barua kwa mwanangu: kabla hamjabadilishana nguo

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, na baba yako anakusalimu. Nimesoma ujumbe wako kuhusu siku ya kubadilishana nguo mnayoiandaa na wenzako hapo Banda, Kampala, na kwa kuwa umeniuliza mfanyeje ili jambo hilo lidumu, nimeona nikuandikie barua kamili badala ya kukujibu kwa maneno machache ya simu. Ninalotaka ulishike ni hili: mabadilishano yasiyo na fundi huishia kuzihamisha nguo kutoka kabati moja hadi jingine. Blauzi iliyombana mwenyewe itambana pia mwenziwe mwenye umbo kama lake, na suruali iliyokufa zipu haiponi kwa kupata mwenyewe mpya. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta meza na viti, tafuteni cherehani.

Ziwe cherehani za miguu, kwa kuwa umeme ukikatika zinaendelea kushona, na mafundi wa barazani wanaozitumia hapo mtaani kwenu hawakosekani. Mlipeni fundi ujira wa siku nzima, tena mpatane naye mapema. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wanaopenda shughuli za kujitolea hudhani kwamba kazi ya sindano ni msaada mdogo unaoweza kuombwa bure, ilhali yule mama akiacha kibaraza chake siku ya Jumamosi anaacha riziki ya wanawe. Kila anayekuja na nguo atoe mchango mdogo wa fedha, na mchango huo uende kwa fundi kabla ya kwenda kwenye soda.

Kuhusu kupokea nguo, msione haya kuzikataa. Nguo za ndani zisipokelewe kabisa. Nyingine zije zimefuliwa, zimekauka sawasawa na kupigwa pasi ya moto pande zote mbili pamoja na mishono, kwa kuwa kuna inzi hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje zikiwa na unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu akaota jipu. Kisha kila nguo inyanyuliwe mbele ya dirisha na kutazamwa dhidi ya mwanga: makalio, magoti, viwiko na kwapani ndiko kitambaa kinakolika kwanza, na mwanga ukipenya kama kwenye chekecheo, nguo hiyo iwekwe katika rundo la vipande. Anayeleta nguo moja apewe tiketi moja ya kuchagulia nguo nyingine, na koti au gauni zito lipewe mbili. Msipime kwa bei iliyonunuliwa, maana mtaanza kubishana juu ya majina ya viwanda, na aliyeleta sweta nzuri ya sokoni ataonekana duni mbele ya aliyeleta fulana ya dukani.

Jifunzeni pia kukitambua kitambaa kabla ya kukikata. Vuta nyuzi chache kutoka ndani ya pindo, zibane kwa kibanio cha chuma juu ya sahani ya maji, kisha uziguse kwa moto wa kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini na husagika kati ya vidole. Poliesta hujikunyata mbele ya moto, huyeyuka, halafu ikipoa huacha punje nyeusi ngumu. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua. Ukiona dalili za pamba na za poliesta pamoja, basi ni mchanganyiko, na nguo nyingi za mitumba ziko hivyo. Kujua hili kunakueleza joto la pasi, kunakueleza kama kipande kitanyonya maji kikifanywa taulo la jikoni au nepi, na kunakueleza ni masalio gani yasichomwe kabisa uani, kwa kuwa moshi wa poliesta ni sumu kwa watoto wanaocheza pale.

Sasa nikueleze kazi moja kwa kirefu, kwa sababu ukiiweza hii utapata moyo wa kuzijaribu nyingine. Shati la kiume mara nyingi hufa kola kabla ya mwili: kitambaa huchanika pale kola inapokunjikia nyuma ya shingo, huku mgongo, mikono na vifungo vikiwa vizima. Kola hiyo ina upande wa pili ambao haujaguswa na jua wala ndevu. Tia alama ya chaki katikati ya kola na katikati ya ukanda wa shingo kabla ya kufumua chochote, maana kola ikisogea nusu sentimita tu, shati zima huonekana limepinda. Fumua mshono unaoishika kola kwenye ukanda kwa ncha ya wembe, ukikata uzi kila baada ya mishono mitatu au minne na kuuvuta taratibu, bila kurarua. Igeuze kola ili upande uliochakaa utazame chini, upashone palipochanika, irudishe ndani ya ukanda, na uishikize kwa mshono mrefu wa mkono kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha pitisha cherehani mara moja ukifuata matundu ya sindano ya kwanza. Ukimaliza na kupiga pasi, mtu akikaa nyuma ya mwenye shati kanisani hatajua lolote. Angalizo moja tu: kola yenye vifuko vya vijiti vya kuinyoosha upande wa chini haifai kugeuzwa, kwa sababu vifuko vitaonekana juu.

Shati ambalo hata mgongo wake ni mpana kupita kiasi, kama yale makubwa yanayotoka Marekani, hutoa gauni la msichana mdogo. Likate mstari ulionyooka chini ya kwapa, tengeneza njia ya lastiki kifuani, na mikono iliyobaki ikatwe kuwa mikanda ya mabegani. Pindo la chini tayari limeshonwa, na matundu ya vifungo tayari yapo mbele, nayo matundu ndiyo huwachosha wanaoanza. Gomesi kuukuu, lile vazi refu la kina mama wa Uganda, nayo ina utajiri wa kitambaa usioupata kwenye nguo nyingine, kwani huchukua kama mita sita, lakini msiikate gomesi ya marehemu mpaka muwe na hakika kwamba ndugu wote wa nyumba hiyo wameridhia.

Umeniandikia kwamba baadhi ya wenzako wanasema nguo zilizoungwa ni aibu. Waambie watazame lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba ambacho utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu. Gome likitoka na tundu wakati wa kupondwa, fundi hushona kiraka, na kiraka kile huvaliwa na wenye hadhi mbele ya Kabaka, mfalme wa Buganda, bila mtu kunong'ona. Waambie pia kuhusu Bobby Kolade, mbunifu aliyekulia Kampala na kusomea ubunifu wa mavazi Berlin, ambaye chini ya jina la Buzigahill hununua mitumba, huikata na kuiunganisha upya kuwa nguo nyingine, kisha huwauzia watu wa nchi zile zile zilizoitupa. Mkusanyiko huo ameuita Return to Sender. Nilizitazama picha zake kwa jicho la fundi, nikaona kwamba haifichi mishono, ameiacha ionekane, na mimi nampa heshima kwa hilo.

Usiwadharau, hata hivyo, wanaouza mitumba. Rais Museveni alipotangaza Mbale mwezi Agosti 2023 kwamba nguo hizo zipigwe marufuku, wafanyabiashara wa soko la Owino, Kampala, walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika kwa sababu hapo ndipo karo ya watoto wengi inapotoka. Miaka saba kabla ya hapo wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wameazimia kuiondoa mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuwanyima nafuu za AGOA, yaani mpango wa kuuza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko mwaka 2018. Kwa upande mwingine, mimi ni mkazi wa Jinja, mji uliosimama kwa pamba. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, kiwanda cha nguo cha Nytil kikajengwa katika miaka hiyo hiyo, na nyumba hizi za Walukuba zikajaa wafanyakazi. Inaniuma kwamba hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje kabla ya kusokotwa uzi. Siku yenu ya Banda haitajenga kiwanda, lakini mtu aliyewahi kufumua shati na kulishona tena hujua kitambaa kizuri ni kipi, na mnunuzi anayejua hivyo ndiye ambaye viwanda vyetu vitamhitaji.

Nimemkabidhi dereva wa teksi ya asubuhi kifurushi chako. Kina mkasi wa nguo, ambao usimruhusu mtu akate nao karatasi, nyembe, chaki, bobini, sindano za cherehani za namba 14 kwa vitambaa vya kawaida na namba 16 kwa jinzi, pamoja na mashati ya baba yako yenye kola zilizochakaa kwa ajili ya mazoezi. Fedha zilizo ndani ya bahasha ni nyongeza ya ujira wa fundi. Akishakubali, niandikie tarehe, na kama inaangukia mwisho wa wiki nitapanda gari nije nikae kwenye cherehani ya pili.

Mama yako anayekupenda